Kilopaskali 750: Nilivyojinasua kwenye Hesabu za Gesi

Niliandika 750. Swali lilikuwa la tairi: hewa iliyomo ina shinikizo la kilopaskali 300 katika nyuzi 20, gari limetembea mpaka tairi likafika nyuzi 50, ujazo haukubadilika; je, shinikizo sasa ni ngapi? Nikachukua 300, nikazidisha kwa 50, nikagawanya kwa 20, nikalipigia jibu mistari miwili na kuendelea na swali lililofuata.

Mtihani mzima nilipata 9 kati ya 30. Kilichoniuma zaidi ni swali hilo. Mimi ni mhudumu wa kituo cha mafuta upande wa Barabara ya Jogoo hapa Nairobi, na kabla sijaanza masomo ya jioni ya stashahada ya maabara nilikuwa nimejaza watu upepo kwa miaka sita. Kilopaskali 750 ni presha ya tairi la lori. Hakuna gari dogo lililowahi kutoka Thika saa nane mchana likanifikia na presha hiyo eti kwa sababu barabara ina joto. Ningeulizwa kazini ningecheka. Darasani niliandika bila kusita.

Mwalimu wetu wa kemia ni mama asiyeinua sauti. Aliniita baada ya kipindi, akaweka kidole juu ya ile 20 yangu.

"Sufuri ya Selisiasi ni ya nini?"

"Maji kuganda, Madam."

"Na hewa inaganda hapo?"

"Hapana."

"Basi mbona unaihesabia hewa kuanzia hapo?"

Nilikaa na swali hilo ndani ya matatu mpaka nyumbani. Nilikuwa nimekariri "ongeza 273" kama mtu anavyokariri namba ya simu, kwa hiyo siku ya wasiwasi ilinitoka. Sasa niliona sababu yake. Sufuri ya Selisiasi ni alama ya maji. Hewa haina habari nayo; sufuri yake iko nyuzi 273 chini ya hapo. Chukua jengo la mjini lenye orofa 273 chini ya ardhi. Aliye orofa ya 20 na aliye orofa ya 50 kutoka barabarani wanaonekana kupishana sana, lakini ukihesabu kutoka msingi, mmoja yuko ya 293 na mwingine ya 323. Wamepishana kama sehemu moja ya kumi tu. Msingi huo ndio William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alioupendekeza mwaka 1848 kuwa mwanzo wa kipimo cha joto. Tairi langu lilihitaji 300 × 323 ÷ 293, yaani karibu kilopaskali 331. Hilo ni jibu ambalo mjaza upepo yeyote angelikubali.

Tangu usiku huo nikajiwekea sharti: sigusi kikokotoo kabla sijaandika neno moja pembeni, "itapanda" au "itashuka". Ikiwa itapanda, sehemu ninayozidishia lazima namba kubwa ikae juu. Ikiwa itashuka, ndogo ikae juu. Ilinichukua wiki mbili kuizoea, maana mkono ulikuwa umeshazoea kukimbilia fomula.

Kilichoniponya kabisa, hata hivyo, ni chupa.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza mama Likoni kwa dadake. Tulipanda basi la usiku. Nikiwa bado stendi hapa Nairobi nilimaliza maji ya chupa ya nusu lita, nikafunga kifuniko kwa nguvu, nikaitupia mfukoni mwa begi. Asubuhi tulipofika Mombasa niliitoa nikaitupe, nikakuta imebonyea mbavu zote mbili kama iliyokanyagwa. Hakuna aliyeigusa. Nilitaka kuifungua, mkono ukakataa. Nikamwambia mama hiyo haitupwi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa hutukandamiza kwa karibu kilopaskali 83. Mombasa, pale baharini, ni 101. Hewa niliyoifungia stendi ilikuwa ya Nairobi, na sasa ilikuwa imezungukwa na hewa nzito ya Pwani. Ikasukumwa ndani. Robert Boyle alilichapisha jambo hilo mwaka 1662: joto lisipobadilika, ukizidisha shinikizo la gesi mara mbili, ujazo wake unabaki nusu.

Lakini joto nalo lilikuwa limebadilika. Usiku Nairobi nilikadiria nyuzi 20, na mchana Likoni 31. Nikaandika nyuma ya daftari: shinikizo limeongezeka, kwa hiyo ujazo utashuka, 83 juu ya 101. Joto limeongezeka, kwa hiyo ujazo utapanda, 304 juu ya 293. Halafu 500 × 83/101 × 304/293. Jibu likawa 426. Hewa yangu ilikuwa imepungua mililita 74.

Nikaomba karai la maji. Nikaizamisha chupa kichwa chini, nikakizungusha kifuniko nikiwa nimekishika chini ya maji. Ikatoa kishindo kidogo, mbavu zikarudi mahali pake, na maji yakapanda shingoni yakakaa. Nikafunga humo humo, nikaitoa, na yale maji nikayapima kwa bomba la sindano la mililita 20. Likajaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne likafika 8. Mililita 68.

"Mwanangu, lete hilo karai nifulie," mama mdogo akasema kutoka mlangoni. Nilikuwa nimechuchumaa uani na daftari magotini, na sikumbuki kama nilimjibu. 74 kwa karatasi, 68 kwa mkono. Hakuna hesabu ya kemia iliyowahi kunikaribia namna hiyo.

Zile sita zilizopungua nilimpelekea Mwalimu. Akaniuliza kama chupa ilikuwa kavu. Haikuwa, ilibaki na matone. Matone hayo, akasema, kwenye joto la Mombasa yalitoa mvuke zaidi kuliko kwenye baridi ya usiku wa Nairobi, na mvuke nao una shinikizo lake, ukasaidia kuisukuma chupa nje kidogo. Niliipenda sana ile ziada. Kosa langu lilikuwa na jina.

Baada ya hapo nilianza kuona yaleyale kazini. La geji lilinikera kwa siku kadhaa. Geji ya upepo ikisoma 30 PSI, hiyo ni ziada tu juu ya hewa iliyotuzunguka. Tairi lililolala kabisa geji inasoma sufuri, lakini ndani mna hewa kama ya nje, ambayo kwa Nairobi ni kama PSI 12, yaani zile zile kilopaskali 83. Kwa hiyo tairi la 30 kwenye hesabu ni la 42. Likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 50, 42 × 323 ÷ 293 ni 46, na geji itasoma 34 hivi. Ukisahau zile 12 utapata 33. Tofauti ni ndogo hapo, lakini kwenye mtihani swali linaweza kutegwa papo hapo, na mwanzoni sikuwa nimeona kwamba sufuri ya geji ni ndugu wa sufuri ya Selisiasi. Zote mbili zinaanzia katikati ya njia.

Meko ya gesi yalinifundisha mpaka wa kanuni zenyewe. Tunauza mitungi ya kilo 6, na wateja huuliza kwa nini hatupimi gesi iliyobaki kwa geji kama tairi. Ndani ya mtungi, propani na butani ziko katika hali ya majimaji, na juu yake pamekaa mvuke. Ukipika, mvuke unatoka na majimaji yanatoa mwingine kushika nafasi yake. Shinikizo halishuki kwa kadiri unavyotumia. Linafuata joto la mtungi mpaka majimaji yanapokaribia kwisha. Ndiyo maana tunapima kwa mizani. Kanuni za gesi hazihesabu majimaji, na mwanafunzi asiyejua hilo atatumia PV = nRT (shinikizo × ujazo = moli, yaani kipimo cha wingi wa chembe, × namba ya kudumu 8.314 × joto la kuhesabiwa kutoka msingi) mahali isipoingia. Gesi ikishatoka kichomeoni ndipo kanuni inaingia: kilo 6 za butani ni karibu moli 103, za propani karibu 136, na hewani hapa Nairobi zitachukua kati ya lita 3,000 na 4,000. Kitabu husema moli moja katika joto la kawaida la chumba ni lita 24. Hiyo ni kwa shinikizo la usawa wa bahari. Kwetu, 8.314 × 293 ÷ 83 ni lita 29. Mtihani ukisema 24 ninaandika 24, ila ninajua kwamba moli ya Nairobi ni pana zaidi.

Kutoka Mombasa nilirudi na chupa ya pili. Hiyo niliikausha juani, nikaifunga mchana uani kwa mama mdogo. Nilipofika nayo darasani ilikuwa imekaza kama mpira mpya. Ukiigonga kwa kucha inalia. Mwalimu aliipitisha mikononi mwa kila mmoja, kisha akairudisha mbele, akaandika ubaoni: nusu lita, 101, 83, nyuzi 31, nyuzi 20. Akauliza ni mililita ngapi za hewa zitatoka nikiifungua.

Sikutoa kikokotoo. Niliandika kwanza: shinikizo limepungua, itapanda. Joto limepungua, itashuka. Ndipo nikapiga 500 × 101/83 × 293/304, nikapata 586, na chupa haibebi zaidi ya 500. "Themanini na sita, Madam." Dada aliyekaa nyuma yangu akasema 86. Wa dirishani naye, 86. Mwalimu akanipa ishara, nikashika kifuniko, darasa likanyamaza, nikazungusha. Ikasema shwaa.