Asali ya mama na mzani wa keki

Hii ni ya likizo ya Desemba 2014, nimetoka kumaliza form one, nyumbani Morogoro. Mama alikuwa ananunua asali dumu la lita 5 kwa jamaa mmoja anayedai inatoka Tabora, anaigawa kwenye vichupa anauza. Safari hiyo nikaiona nyepesi nyepesi. Mama akadondosha tone kwenye glasi ya maji, likazama, akasema si unaona, safi hii. Sasa hata sukari ukiichemsha na maji mpaka ikawa nzito inazama vilevile, ila jaribu kumwambia mama hivyo.

Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita na mzani wa keki wa dada, ule unaosoma gramu moja moja. Chupa tupu gramu 22. Nikajaza maji mpaka mdomoni, 540, toa 22 inabaki 518, hapo nikakwama kama nusu saa maana chupa imeandikwa mililita 500 na maji ni gramu moja kwa mililita, nikaanza kuulaumu mzani wa watu, kumbe kiwandani hawajazi mpaka juu, ukijaza wewe inaingia zaidi. Ndo nikakumbuka ya ticha, ujazo wa nini, gawanya uzito wa kitu kwa uzito wa maji ya chupa hiyohiyo tu. Nikaanza na mafuta ya alizeti, yenyewe yakaja 477 ukitoa chupa, yaani 0.92, na ndivyo mafuta hayo yanavyotakiwa kuwa, nikajua niko vizuri.

Asali ilinitesa bwana. Mapovu yameng'ang'ania humo hayapandi, nikaianika juani, nikasubiri ipoe, nikaongezea mpaka juu. 711. Toa chupa, gawanya kwa 518, 1.33. Asali iliyoiva inakuwa 1.4 na kitu, yaani dumu la lita 5 lipite kilo 7, hili letu kilo 6.65 hivi.

"Kwa hiyo kaweka maji au kaweka sukari?" mama akauliza. Mzani hausemi hayo. Na inawezekana hakuweka chochote, asali ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega inakuwa na maji mengi yenyewe. Jamaa alipopigiwa simu akasema mvua.

Dada alinuna wiki nzima, vibonyezo vya mzani vinanata. Ila jamaa alivyorudi na dumu lingine, mzani ulikuwa ushawekwa mezani na chupa yangu pembeni, na mama hata chai hakumkaribisha.

"Jaza hapo kwanza, baba."