Siku Moja Maishani Mwangu: Maneno Manne na Pumzi Moja

Saa 11 alfajiri. Ninaishi Migosi, hapa Kisumu, na kabla pikipiki za kwanza hazijaanza kunguruma huwa nimekwisha kunywa maji ya uvuguvugu na kuanza kuvuma nikiwa nimefumba midomo, kutoka noti ya chini hadi ya juu na kurudi. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini ndani ya zoloto, na mwanamke mzima anapozungumza kwa kawaida hukutana na kuachana takriban mara 200 kwa sekunde, kwa hiyo sipendi kuziamsha kwa kelele. Leo nina mstari mmoja tu kichwani. Mwanafunzi wangu anarekodi wimbo wake wa kwanza, na kiitikio chake kina maneno manne: "Nimerudi, mama. Nifungulie mlango." Yakisomwa karatasini, ni maneno ambayo mtoto yeyote huyasema akitoka shuleni. Kwa wiki tatu tumekuwa tukitafuta namna ya kuyaimba.

Saa 2 asubuhi. Nafundisha kwaya ya watoto wa shule ya msingi wanaojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano ambayo yamekuwapo tangu mwaka 1927. Kabla hawajaimba mstari wowote, nawataka wauseme, kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya mwimbaji ikiuhamisha, hisia hupotea hata kama tyuni imeshikwa barabara. Neno hilohilo ndilo ninalolitumia kuwafundishia: mkazo ukiwa kwenye "ba" ya pili, barabara ni njia ya magari, ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Watoto walicheka, kisha wakajaribu wenyewe, na mvulana mmoja wa sauti ya pili akagundua bila kuambiwa kwamba katika wimbo wao walikuwa wakiisukuma silabi ya mwisho ya "nyumbani" kwa nguvu, eti kwa sababu noti yake iko juu. Tuliimba tena, noti ikabaki palepale juu, lakini uzito ukarudi kwenye "mba". Nyumba ikawa nyumba.

Saa 4 asubuhi. Studio iko Kondele, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani ili mwangwi ufe. Mwanafunzi wangu ana sauti nzuri, naye anajua kwamba ni nzuri, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mara ya kwanza aliimba "mama" kwa mapambo mengi, akipanda na kushuka noti saba juu ya irabu moja, na prodyuza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilisikia ustadi, na sikumsikia mtu aliyerudi nyumbani. Nilimwomba avue viatu, asogee karibu na maikrofoni, na afikirie kwamba ni usiku, mlango umefungwa, na anayemwita ni mtu mmoja tu, aliyelala upande wa pili wa mlango ule.

Aliimba kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia. "Nimerudi" aliichelewesha kidogo nyuma ya ngoma, kama mtu ambaye hana hakika kwamba atapokelewa. Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani ambaye upana wa sauti yake haukuwa mkubwa, alijengea mtindo wake mzima juu ya ucheleweshaji wa namna hiyo. Kisha likaja "mama". Herufi "m" hutamkwa midomo ikiwa imefungwa na hewa ikipita puani, kwa hiyo, tofauti na "p" au "t", mwimbaji anaweza kuivuta apendavyo kabla ya kufungua kinywa. Aliivuta "m" ya pili hadi ikawa kama mvumo wa mtu anayezuia kilio, ndipo akaiachia "a". Akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi fupi, yenye mkwaruzo, ya mtu ambaye kifua kimembana, halafu "nifungulie mlango" ikatoka karibu kama maneno ya kawaida, bila pambo hata moja.

"Mwalimu, hii pumzi tuitoe, inachafua," prodyuza alisema, na kwenye skrini mkono wake ulikuwa umekwisha kuichagua.

Nilimwomba atuchezee yote mawili, yenye pumzi na isiyo nayo. Isiyo nayo ilikuwa safi, lakini maneno manne yalisikika yakifuatana tu, ilhali kwenye ile nyingine tulimsikia binti akikusanya nguvu za kuomba. Kila mtu aliyewahi kuzuia machozi amevuta pumzi ya namna ile, na mwili wa msikilizaji huitambua kabla akili yake haijatafuta maana. Hakuna mshairi anayeweza kuiandika pumzi hiyo kwenye karatasi. Kijana alinyamaza, akasikiliza mara ya tatu, akasema ataiacha ila ataipunguza sauti.

Saa 7 mchana. Ugali, omena na sukuma wiki, Kibuye.

Saa 9 alasiri. Mara moja kwa wiki humtembelea nyanya mmoja wa Nyalenda ambaye zamani aliitwa kuimba matangani. Namwita Dani, kama wamwitavyo wajukuu wake. Leo aliniimbia mstari mmoja wa Kijaluo: "Wuod minwa, idhi kanye?" Mwana wa mama yetu, unakwenda wapi? Aliurudia mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa swali. Mara ya pili sauti ilianza juu na kuteremka kama maji ya mteremkoni. Mara ya tatu karibu haikuwa wimbo tena, ilikuwa nong'ono iliyokwama kooni. Sauti yake imekwaruzika kwa uzee, na nilimkumbuka Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, ambaye mikwaruzo ya uzeeni haikumwondolea hadhira. Nilipomuuliza Dani kwa nini ananyamaza kwa muda mrefu baada ya "kanye", alinitazama kwa mshangao.

"Nyathina, mwanangu, nimemuuliza. Nangoja anijibu."

Saa 12 jioni. Mazoezi ya kwaya ya kanisa. Siku zote huwafundisha kuvuta pumzi kwa zamu, ili mmoja akipumua mwenzake ashikilie noti na wimbo usikatike. Leo, kabla ya neno "tuhurumie", niliwaomba wote, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, waache kuimba na kuvuta pumzi pamoja, isikike. Wazee wa besi walisita, wakidhani nawafundisha kosa. Tulipojaribu, mama aliyekuwa akifagia nyuma ya kanisa alisimama na ufagio mkononi hadi mwisho wa ubeti.

Saa 3 usiku. Wimbo umefika kwenye simu. Nimeusikiliza mara nne jikoni, taa ikiwa imezimwa. Prodyuza ameipunguza pumzi mno. Inasikika tu kwa anayejua kwamba ipo. Nimemwandikia aipandishe kidogo, na neno "mlango" asiliguse.