Mzizi wa uhaba wa miaka ya 1980 ulikuwa shambani

Vijana wengi ninaozungumza nao kuhusu hali ngumu iliyoikumba Tanzania kati ya mwaka 1979 na 1986 huitaja sababu moja tu, yaani vita vya Kagera, na wazee wao mara nyingi huongeza ya pili, walanguzi. Zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma historia ya miaka ile ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mzizi wa tatizo ulikuwa shambani, na kwamba Serikali ilichelewa kuushughulikia kwa sababu ilitumia muda mwingi kuwasaka wahalifu wakati mkulima alikuwa akisubiri bei ya haki.

Vita vyenyewe viliikuta nchi ikiwa tayari imedhoofika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kugharimia peke yake reli, bandari, posta na ndege ambazo awali ziliendeshwa kwa ushirika na majirani. Fedha za kigeni zilizopatikana kahawa ilipopanda bei mwaka 1976 na 1977 zilikwisha upesi, hasa baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwaka 1978. Kisha Idi Amin akavamia Kagera mwezi Oktoba mwaka huohuo, na hadi majeshi yetu yalipoingia Kampala mwezi Aprili 1979, gharama ya vita inakadiriwa kuwa ilifikia dola milioni 500 hivi. Mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda bei tena duniani kufuatia mapinduzi ya Iran. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Dhiki ikaendelea kwa miaka.

Kwa nini iliendelea, ilhali vita vilikuwa vimekwisha? Tazama korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, na msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wakulima wa Mtwara na Lindi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengi wakajikuta wakiishi mbali na mikorosho yao, ambayo ilibaki bila kupaliliwa wala kupogolewa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, ununuzi ukakabidhiwa kwa mamlaka za mazao ambazo gharama zake zilizidi kupanda, na sehemu ya bei ya soko la dunia iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua. Ugonjwa wa ubwiriunga, yaani ukungu unaoshambulia mikorosho, nao ulipoenea, mtu ambaye korosho haikumlipa hakuwa na sababu ya kuhangaika na dawa. Mkonge nao ulianguka, ingawa kwa sababu nyingine kiasi, kwa kuwa kamba za plastiki zilikuwa zimeliteka soko lake.

Mazao yalipopungua, fedha za kigeni zilipungua, na bila fedha hizo viwanda vilikosa vipuri, mafuta na malighafi, hata vingi vikawa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Sabuni, sukari, kanga na viberiti vikawa vya kupangiwa foleni katika maduka ya kaya, yaliyouza bidhaa kwa mgawo. Hapo ndipo mduara ulipofungika: mkulima aliyelipwa hakuwa na cha kununua kwa fedha yake, kwa hiyo alilima cha kula tu, au alivusha mazao yake mpakani kwa magendo, na nchi ikapata fedha za kigeni pungufu zaidi.

Serikali haikukaa kimya. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona kwamba thamani ya shilingi haina budi kushushwa, lakini Mwalimu aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Makubaliano yaliyotiwa saini na shirika hilo mwaka 1980 yalivunjika baada ya muda mfupi. Ninauelewa msimamo wa Mwalimu, kwa maana masharti yale yangewaumiza watu maskini, na historia ya baadaye ilithibitisha hofu yake; lakini shilingi iliyopewa thamani kubwa kuliko uwezo wake ilikuwa ikimuumiza mkulima kila msimu, kwa kuwa kila dola ya korosho au pamba yake ilibadilishwa kwa shilingi chache mno.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Ninamheshimu sana Sokoine kwa uadilifu wake, na hasira ya wananchi waliomuunga mkono ilikuwa ya haki, kwani bidhaa zilizofichwa zilipatikana kweli. Lakini maghala yalipokwisha kufunguliwa, hapakuwa na kiwanda cha kuyajaza upya.

Hatua ninayoiona kuwa ndiyo iliyogeuza mambo haizungumzwi sana: bajeti ya 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya. Thamani ya shilingi ilishushwa kutoka takriban 12 hadi 17 kwa dola, ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa, bei za mazao zikapandishwa, na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Bidhaa zilianza kurudi madukani Mwalimu akiwa bado Ikulu, ingawa sifa zote huenda kwa Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985 na kuafikiana na Shirika la Fedha mwaka uliofuata. Katikati ya mwaka 1986 dola ikawa shilingi 40. Mkulima alianza kupata nafuu, lakini mfanyakazi wa mshahara, ambaye kwa miaka saba alikuwa na fedha lakini hana cha kununua, sasa alikuta duka limejaa na mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi.