Kadi ya Kliniki Iliyonipeleka Makete

Safari yangu ya Makete ilianzia kwenye kabati la majalada la makao ya watoto ninayoyasimamia pembezoni mwa mji wa Morogoro kwa niaba ya usharika wetu. Binti mmoja wa darasa la sita alihitaji cheti cha kuzaliwa, na nilipokuwa nikitafuta chochote cha kuambatisha kwenye maombi ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nilikuta, ndani ya bahasha iliyokunjwa mara mbili, kadi yake ya kliniki ya utotoni, imechakaa kingo, ikiwa na jina la zahanati na la kijiji cha Wilaya ya Makete. Kadi hiyo ilikuwa imelala humo kwa miaka sita. Juu ya jalada lenyewe, kwa mwandiko wangu, palikuwa pameandikwa: "Hawana ndugu wanaojulikana."

Binti huyo na mdogo wake wa kiume waliletwa kwetu na majirani wa mama yao, baada ya mama kufariki hospitalini. Yeye alikuwa na miaka sita. Mdogo wake alikuwa hajafikisha miwili. Tuliwapokea, tukawaogesha, tukawapa vitanda, na jioni ile katika sala tulimshukuru Mungu kwa kutupa nafasi ya kuwahudumia. Hakuna aliyeifungua ile bahasha, na mimi niliyepaswa kuifungua niliandika maneno matatu kwenye jalada na kulirudisha kabatini.

Nilimpelekea kadi afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu. Alimpigia mwenzake wa Makete, ambaye naye alizungumza na mtendaji wa kijiji, na baada ya majuma matatu jibu likaja kwamba bibi mzaa mama yu hai. Niliandikiwa barua ya utambulisho, nikajiandaa kuondoka. Binti nilimwambia kwamba ninafuatilia cheti chake tu, kwa kuwa nimeshaona jinsi mtoto anavyovunjika anapopewa tumaini ambalo mtu mzima hajalihakikisha.

Nilipanda basi Msamvu alfajiri moja ya mwezi Julai. Katika Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo barabara kuu inapita katikati ya mbuga na madereva hulazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, abiria wenzangu walinyanyuka kuwatazama twiga, lakini mimi nilikuwa namfikiria mama wa watoto wale. Naye aliipita barabara hii, ila kwa upande wa pili, akishuka kutoka nyanda za juu kusini kutafuta kazi za ndani kama walivyofanya wasichana wengi wa mikoa ile. Sikuwahi kujiuliza alitoka wapi. Katika kumbukumbu zetu alianza kuwapo siku aliyofariki.

Baada ya Ruaha Mbuyuni, basi lilianza kuupanda mlima Kitonga, likijikunja nyuma ya malori yaliyokuwa yakiguna kwa uzito wa mizigo, na hewa ikabadilika. Tulipita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, kisha Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, na jua lilipokuwa likizama tukafika Makambako, ambako upepo ulikuwa mkali hata wachuuzi walizungumza nasi wakiwa wamejifunika vitenge hadi masikioni. Hapo barabara ya Mbeya tuliiacha, tukakata kushoto kwenda Njombe. Nililala Njombe, au niseme nilijilaza, maana kwa baridi ile na kwa mawazo niliyokuwa nayo usingizi haukuja.

Kuanzia Njombe kwenda Makete nchi inapanda na kushuka bila kuchoka, vilima juu ya vilima, mianzi mabondeni, viazi na pareto kwenye miteremko. Ni nchi ambayo wamisionari wa Kilutheri waliifikia mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo kengele ya kanisa husikika kutoka kilima kimoja hadi kingine. Pia ni nchi iliyozika watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima yalikuwa asilimia 14.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kwa familia nyingi za huku zilikuwa zimekwisha kuchelewa. Vifo hivyo ndivyo vilivyowaacha wajukuu mikononi mwa bibi zao, na bibi hao waliwalea bila kibao mlangoni na bila mfadhili. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye semina. Kuyasoma kwenye makaburi yaliyo kando ya nyumba, moja baada ya jingine, ni jambo tofauti.

Kijiji sitakitaja, kwa ajili ya watoto. Mtendaji na afisa ustawi wa wilaya walinisindikiza hadi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati lililoshika kutu. Njiani kila tuliyekutana naye alisalimu, "Kamwene," na watoto waliotufuata walipoulizwa walikuwa nani, hakuna aliyetaja jina lake kwanza. Kila mmoja alisema ni mtoto wa nani, na mtendaji akaongeza na babu yake na ukoo wake. Nilisikia aibu iliyonipanda taratibu. Kwetu Morogoro kuna watoto thelathini na wanne, nami najua saizi ya viatu vya kila mmoja wao, lakini swali hilo dogo ambalo kila mtoto wa kijiji kile alilijibu huku akikimbia, watoto wangu wengi hawana cha kulijibia.

Bibi alikuwa ameketi juani akichambua maharage. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo, bibi." Aliitika "Marahaba, mwanangu," akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Wako hai?"

Nilimwonyesha picha. Hakulia. Alimtambua binti kwa paji la uso, akasema amechukua paji la mama yake. Yule wa kiume alikuwa hajawahi kumwona, kwa kuwa alizaliwa Morogoro, na picha yake aliishika mkononi muda wote tuliozungumza. Alieleza kwamba habari za msiba zilimfikia miezi miwili baada ya mazishi, na aliyezileta alisema watoto wamechukuliwa na kanisa na huenda wamepelekwa Ulaya. Alikwenda kwa mwinjilisti wake kuuliza, lakini mwinjilisti hakujua ni kanisa lipi wala mji gani. Nauli ya kushuka kuwatafuta hakuwa nayo. Tangu wakati huo, alisema, kila Jumapili huwataja kwenye maombi pamoja na marehemu, kwa sababu hajui awaweke upande upi.

Kisha akaniuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo: "Mwanangu, mlipowachukua, mlimwuliza nani?"

Afisa ustawi alijaribu kunisaidia, akaeleza kuhusu dharura na taratibu. Nilimwomba aache, nikamjibu bibi kwamba hatukumwuliza mtu, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alinyamaza, akaendelea kuchambua maharage, na baada ya kitambo akasema, "Basi umekuja."

Tulikaa hadi mchana. Afisa ustawi alifanya kazi yake kwa makini niliyoipenda: aliangalia vyumba, akauliza umbali wa shule na zahanati, akauliza ni nani mwingine analala katika nyumba ile, akazungumza na majirani faraghani. Bibi anaishi na mjukuu mwingine wa kidato cha pili na binti yake wa mwisho, ambaye ni mjane. Walichopungukiwa kilikuwa kidogo mno kuliko nilivyodhani: godoro, bati la chumba kimoja, sare za shule, bima ya afya.

Usiku ule, nikiwa nimerudi Njombe, nilichukua daftari nikaandika gharama ya kuwatunza watoto wawili katika makao yetu kwa mwaka, yaani chakula, mishahara ya walezi, walinzi, umeme na maji. Pembeni niliandika mahitaji ya nyumba ya bibi. Safu ya pili haikufika hata robo ya ile ya kwanza. Ninaandika hili bila kuwalaumu wanaotuchangia, kwa kuwa wanatoa kwa upendo. Lakini ni kweli kwamba wengi huhesabu vitanda vyenye watoto, na sisi tunaoendesha makao haya tumejifunza kuogopa kitanda kilicho wazi. Godoro la Morogoro hupata mchango kabla jua halijatua. La Makete sijui nitamwandikia nani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka huo huo, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia. Nakala zote mbili zimo ofisini kwangu. Langoni kwetu tumechora maneno ya Zaburi ya 68 yanayomwita Mungu Baba wa yatima, na ni katika chumba kile cha Njombe, nikisoma kwa mwanga wa simu, nilipoona kwamba mstari unaofuata, ambao hatukuuchora, unasema juu ya Mungu kuwaweka wapweke nyumbani.

Sisemi kwamba kila mtoto arudishwe. Yuko kwetu kijana ambaye aliumizwa na ndugu wa damu kwa namna ambayo siwezi kuiandika, na siku akiulizwa atakwenda wapi nitasimama mlangoni. Yuko pia mtoto aliyeokotwa sokoni akiwa na siku chache tu, ambaye tunamwombea wazazi wa kumlea. Makao yana kazi yake. Lakini walezi wetu hufanya kazi kwa zamu na huhama, na katika miaka sita binti huyu amewaita "mama" wanawake watano.

Nilirudi Morogoro nikiwa na makubaliano yaliyosainiwa na maofisa wa halmashauri zote mbili: watoto watamtembelea bibi likizo ya Desemba, watapewa nafasi ya kusema wanataka nini, na hakuna atakayewaharakisha. Pamoja na cheti cha zahanati nilibeba jambo moja zaidi. Bibi aliniambia kwamba jina tunalomwitia binti lilikuwa la shuleni tu, na kwamba siku aliyozaliwa alipewa jina la mama yake bibi.

Binti nilimweleza kila kitu ofisini kwangu, mlango umefungwa, jalada likiwa wazi mbele yetu. Alisikiliza akiwa ameishika ile kadi. Nilipomtajia jina la bibi mkuu, aliniomba nilirudie, kisha akalirudia mwenyewe kwa sauti ya chini mara mbili, akauliza linaandikwaje.

"Na mdogo wangu," akasema, "yeye anaitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza. Jioni ile nilimpigia mtendaji simu, naye akaniahidi kwamba kesho yake asubuhi angempelekea bibi simu hadi nyumbani.