Bushi za mjomba pale Isamilo

Nilipokuwa nikifunga masanduku hapa Birmingham kwa ajili ya likizo ya Mwanza, nilitia katikati ya viatu vya watoto bushi nne za poliyurethani, yaani vipete vya plastiki ngumu vinavyokaa kwenye maungio ya chini ya gari kupunguza mtikisiko, kwa kuwa mjomba alikuwa amelalamika kwa simu kwamba Corolla yake inagonga mbele kila inapopanda Isamilo. Huku Uingereza bei ya gereji ndiyo iliyonifundisha kushika spana, maana gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na bushi iliyochakaa sana inatosha kulikwamisha.

Tulifanya kazi uani, gari likiwa juu ya stendi za kuazima, kwani kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake ni kujitafutia msiba. Kufungua wishiboni, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, hakukutuchukua muda. Kilichotutoa jasho ni bushi za zamani. Mpira ulikuwa umepasuka na kuachana na kibomba cha katikati, lakini ganda la nje lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu. Kijana aliyetusaidia alitaka kulichoma moto. Nikamsihi tutumie msumeno, tukalikata taratibu kutokea ndani, tukisimama kila mara kutazama kama meno hayajagusa chuma cha wishiboni yenyewe, mpaka likalegea, likatoka kwa patasi na nyundo.

Bushi mpya ziliingia kwa mkono baada ya kupakwa grisi ya silikoni, ambayo ukiisahau zitalia kama kitanda kibovu. Zenyewe huzunguka juu ya kibomba chake. Bushi za mpira ni tofauti: mpira umegandishwa kwenye chuma, kwa hiyo bolti hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, vinginevyo mpira hubaki umesokotwa na kupasuka mapema. Kwenye gari langu la kwanza nilizikaza magurudumu yakining'inia, nikanunua bushi mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Tulipeleka gari likapimwe alaimenti, yaani kama magurudumu yamenyooka sawasawa, na kugonga kukaisha. Nisichomweleza mjomba vya kutosha ni kwamba poliyurethani ni ngumu kuliko mpira, na njia ya kwake, ukishaacha lami, ni mawe matupu.

"Mjomba," aliniambia juzi kwa simu, "kwenye kona gari limetulia kabisa, ila sasa kila jiwe nalihesabu kwa meno."

Nimeshamwagizia za mpira.