Bango la macho na dawati la nyuma

Jumamosi, Langoni, Lamu

Watoto wa shule wanatengeneza bango la afya ya macho la kutundika darasani, na mambo 12 yameorodheshwa ubaoni: kula karoti, kulala mapema, usikae karibu na televisheni, usisome gizani, na mengineyo. Yote yanatakiwa yaenee kwenye karatasi moja ya manila. Hapo ndipo mabango mengi ya macho yanapoharibika, kabla penseli haijagusa karatasi. Mtoto asiyeona mbali yuko dawati la nyuma, bango liko mbele, na maandishi yamebanana kama ya gazeti. Anayelihitaji zaidi ndiye asiyeweza kulisoma, na jambo hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kwa hiyo mambo matatu, yasizidi. Manila ya ukubwa wa A1, yaani sentimita 59 kwa 84, hubeba kichwa cha herufi za sentimita 5 na mistari michache ya herufi za sentimita 2 na nusu, kila mstari herufi 20 hivi. Mistari ipigwe kwanza kwa penseli na rula, na maneno yahesabiwe herufi kwa herufi, la sivyo mwisho wa mstari hubanwa ukingoni. Wino uwe mweusi juu ya nyeupe au manjano. Nyekundu juu ya kijani hupendeza machoni pa mchoraji, lakini wapo wavulana wasioweza kutenganisha rangi hizo mbili. Bango likiisha, chukua plastiki kuukuu ya jalada la daftari, ile iliyochakaa, uitazamie kama dirisha ukiwa mwisho wa chumba, uone kama aonavyo mtoto yule wa nyuma. Yatakayosomeka ndiyo maandishi. Yaliyobaki ni mapambo.

Mambo matatu yepi? Hapa ningependa watoto waangalie mji wao. La kwanza ni chakula na kucheza nje. Karoti iondoke, lije papai, embe na mchicha, vyenye vitamini A na vilivyo sokoni karibu. Kusoma kwenye mwanga hafifu huchosha macho, hakuyapofushi. Nafasi hiyo ipewe kucheza nje: muda wa saa mbili mchana kila siku humpunguzia mtoto uwezekano wa kuanza kutoona mbali.

La pili ni macho mekundu. Andikeni mikono na sabuni, lakini chorani leso. Pembe ya leso iliyomfuta tongotongo mtoto mmoja humfuta na nduguye, na kesho yake wako wawili. Kila mtu na taulo yake, na mto wake wa kulalia.

La tatu ni chokaa, na hili ndilo ningelipa picha kubwa kuliko yote. Kuta zetu hupigwa chokaa, na watoto hucheza pale fundi anapokoroga. Chokaa ni kali kama magadi: ikiingia jichoni haikai juu, huendelea kupenya ndani kadiri inavyoachwa. Dawa ni maji safi, mengi, papo hapo, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kwa dakika 20 hadi 30, ndipo mtoto apelekwe hospitali. Ndimu au siki isitiwe kamwe. Kibanzi cha mbao kutoka kwa mchonga milango ni kinyume chake: kikiwa kimechoma jicho kisiguswe wala kisifikichwe. Lifunikwe kwa kikombe safi cha karatasi kisichogusa jicho, safari ianze.

Wanja hauna nafasi kwenye bango, ila usemwe kwa mdomo, kwa adabu. Baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi, ambayo humdhuru mtoto mchanga. «Bibi, shikamoo, hospitali wasema mtoto asitiwe wanja ndani ya jicho» yatosha.

Kona ya chini kulia iachwe kwa herufi E ya kupimia macho. Mraba wa milimita 17 na nusu, ugawanywe vipande vitano vya milimita 3 na nusu: weusi, wazi, weusi, wazi, weusi, kisha mgongo wa unene uleule upande mmoja. Usiichore kwa kalamu nene. Wino huvimba, nafasi nyeupe huzibika, na mtoto mwenye macho mazima hushindwa. Kata karatasi nyeusi kwa wembe, gundisha kwenye kadi nyeupe ndogo inayogeuzwa juu, chini, kulia, kushoto. Ukiichapisha, ipime tena kwa rula, maana mashine hupenda kuipunguza picha. Mtoto asimame mita 6 zilizopimwa kwa futi kamba, jicho moja likiwa limefunikwa kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Akilibonyeza, litaona ukungu zamu yake itakapofika. Aonyeshe kwa mkono E imeelekea wapi. Asiyepatia mara 4 kati ya 5, kwa jicho lolote, apelekwe kwa mpima macho, na mzazi aambiwe siku hiyohiyo.

Selotepu haishiki ukuta wa chokaa, hubanduka na unga wake. Gundisha ufito mwembamba juu na mwingine chini, bango lining'inie kwa uzi. Lisiwekwe mkabala na dirisha, maana mng'ao huyafuta maandishi, wala lisifunikwe plastiki inayong'aa. Wakati wa upepo wa kusi, ufito wa chini nao ufungwe kwenye msumari.