Tasnifu ya uzamili wa uuguzi ianzie kitandani kwa mgonjwa

Tasnifu nyingi za uzamili wa uuguzi hubeba kichwa kilekile: uelewa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu jambo fulani. Mwanafunzi anagawa dodoso, muuguzi anajaza alichofundishwa chuoni, na kinachotendeka wodini kinabaki hakijulikani. Inasikitisha, maana muuguzi bingwa mtarajiwa ndiye mwenye jicho la kukiona.

Chukua kufyonza makohozi kwa mgonjwa wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) aliye kwenye mashine ya kupumulia. Kipenyo cha katheta, yaani mrija wa kufyonzea, kisizidi nusu ya kipenyo cha ndani cha mpira wa kupumulia. Katheta hupimwa kwa Fr (French), na milimita 1 ni sawa na Fr 3, kwa hiyo mpira namba 8 (milimita 8 kwa ndani) unakubali katheta ya Fr 12, na namba 7 ni Fr 10. Mgonjwa aongezewe oksijeni kwanza, sekunde 30 hadi 60, na kila ufyonzaji usipite sekunde 15. Stoo ikiwa na Fr 14 tu, muuguzi ataitumia hiyohiyo: hewa inakosa nafasi ya kupita pembeni mwa katheta, vifuko vya hewa vinasinyaa, oksijeni inashuka. Dodoso litasema muuguzi anajua kanuni, na kweli anaijua. Anayekaa pale na orodha ya ukaguzi na saa ndiye atakayegundua kwamba tatizo liko stoo.

Ugumu huja kwenye sampuli. Fomula iliyozoeleka ya ukubwa wa sampuli (1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05²) inatoa 384, na ni nadra ICU kuwa na wauguzi wengi hivyo. Basi hesabu matukio ya ufyonzaji. Ila matukio 10 ya muuguzi mmoja hufanana. Mtakwimu asipoambiwa mapema, majibu yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo. Muuguzi anayetazamwa pia hujirekebisha, hivyo siku za mwanzo zisiingie kwenye takwimu. Na ombi la kibali cha maadili liseme wazi: mwangalizi akiona hatari anaweka kalamu chini na kumhudumia mgonjwa.

Matokeo yasisubiri mahafali. Ukurasa mmoja uende kwa muuguzi kiongozi wa ICU, orodha ya ukaguzi ibaki kwa walimu wa darasa linalofuata, na nakala ifike kwa anayeagiza vifaa, akiona pale ni mipira namba ngapi inatumika na katheta za Fr 12 zinahitajika kiasi gani.